Mfukoshingo na Punje ya Ulezi

Wazee wa Ufipa husema kwamba jina la Sumbawanga ni amri iliyogeuka mji: tupa uchawi, ndipo uingie. Kwa hiyo hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanaumiliki uwanda ule wa juu, ulioinuka baina ya Ziwa Tanganyika upande wa machweo na Ziwa Rukwa upande wa mawio, kila mgeni aliyeipanda milima ya Lyamba lya Mfipa alivua hirizi zake njiani, akafukia tunguri chini ya mti, akaingia mikono mitupu. Nchi ikawa na amani ya kiasi chake, na baridi yake ya mwezi wa sita na wa saba iliyowakusanya wote motoni, na mchezo wake wa usiku ambao hakuna aliyeudhania madhara, yaani vitendawili. Mmoja husema, “Kitendawili,” wengine huitikia, “Tega”. Wakishindwa, humpa mtegaji mji, naye husafiri kwa maneno hadi mji huo, akala, akanywa, akarudi na jibu. Mji ulitolewa kwa ulimi tu, na alfajiri wenyewe waliukuta palepale, pamoja na maghala yake.

Katika magenge ya Kalambo, ambako maji hujitupa kwa mruko mmoja wa zaidi ya mita 200, aliishi ndege wa jamii ya makorongo, mwenye kipara cha mwanazuoni, mwendo wa kadhi, na mfuko mkubwa unaoning'inia shingoni, ambao hakuna aliyewahi kuuona umejaa. Walimwita Mfukoshingo. Msimu mzima alivisikiliza vitendawili kutoka mbali, na kilichomsikitisha si kwamba wanyama walicheza, bali kwamba walicheza bure.

Mvua za mwaka ule zilipokaribia ukingoni, akatua Sumbawanga na msafara wa kunguru waliobeba vyungu. Kila kijiji, kuanzia Matai hadi Laela na Namanyere, kikagawiwa chungu kimoja cha maji yaliyotulia. Na usiku ulipoingia, ndani ya maji yale akaonekana Mfukoshingo mwenyewe, ameketi kando ya kichuguu kilichopambwa kwa vimulimuli, akitangaza kufunguliwa kwa Baraza la Wajuzi. Mzee mmoja wa mbega wekundu wa Mbizi aliuliza kama chungu kile si uchawi uliopaswa kutupwa nje ya mji. Akajibiwa kwamba uchawi hufanyika gizani, na hiki kinang'aa. Jibu likaonekana lina hekima, kwa kuwa lilitolewa upesi.

Masharti yalikuwa mepesi. Atakayeketi kichuguuni huulizwa swali, hupewa majibu matatu, achague moja kabla kinyonga aliyewekwa juu ya kijiti hajamaliza kugeuka rangi. Akipatia hadi mwisho wa msimu, hukabidhiwa kikapu cha ulezi. Aliyebaki nyumbani naye hakusahauliwa: aweza kutuma jibu lake kwa sisimizi, mradi aliambatanishe na punje moja ya ulezi. Punje ya ulezi, ndugu zangu, ni ndogo hata ikianguka kiganjani mwa mzee haisikiki, nani ataililia? Aliyepatia alitoa punje, na aliyekosea alitoa punje, na asubuhi wote wawili waliletewa na kunguru salamu ileile: “Hongera! Umebakiza hatua moja tu ukifikie kikapu. Tuma tena.”

Wa kwanza kuketi alikuwa Mamba, aliyepanda kutoka Rukwa huku ukoo wake wote ukimsindikiza hadi nusu ya mteremko. Akaulizwa Ziwa Rukwa lina upana gani. Mamba, aliyezaliwa humo yeye na baba yake na babu yake, akafumba macho, akatafakari. “Inategemea,” akasema. “Ziwa letu halina mto wa kutokea. Mvua zikiwa nyingi, hupanuka likameza malisho. Zikiadimika, hurudi nyuma likaacha tope na chumvi. Babu yangu alipokuwa kijana…” Kinyonga akawa kijani kibichi. Umati ukacheka hata vyungu vikatikisika. “Mjuzi hategemei,” alisema Mfukoshingo kwa upole. “Mjuzi hutaja.” Basi Mamba akarudi ziwani akiwa mjinga wa kwanza katika ukoo wake, na tangu siku ile watoto wake hawakumwuliza tena habari za maji.

Ndipo akaja Pimbi wa magengeni, mnyama mfupi, asiye na mkia, mwenye sauti ya kukwaruza, lakini kumbukumbu yake ilikuwa kama ulimbo: kila kilichoigusa kilinasa. Akajibu usiku wa kwanza, wa pili, hadi wa saba. Mwanzoni umati ulimshangilia, kisha ukamzoea, kisha sisimizi wakaanza kurudi na mizigo myepesi. Mfukoshingo akauhesabu upungufu ule, akamwita Pimbi faraghani.

“Mwanangu,” akamwambia, “elimu yako ni kubwa, ila sura yako inawachosha wenye vyungu. Kesho nitakuuliza kama maji ya Kalambo huanguka kwa mruko mmoja au kwa ngazi tatu. Sema ngazi tatu.”

“Mzee wangu, mimi nimezaliwa pale. Nanawa uso kwa mvuke wake.”

“Ndiyo sababu nitakulipa.”

Usiku uliofuata Pimbi alisema ngazi tatu, huku mvumo wa maji ya kwao ukimzomea masikioni. Mahali pake akaketi Korongo Taji, kijana mwenye taji la manyoya ya dhahabu kichwani, mtoto wa ukoo wa wasomi, ambaye jana yake alikwisha kupewa majibu yote pamoja na mahali pa kusita, mahali pa kuuma mdomo na mahali pa kushusha pumzi. Alipokuwa akihangaika kutafuta neno ambalo alikuwa nalo tangu jana, akina mama wa pundamilia walishikana mikono, na sisimizi wa usiku ule walipinda migongo.

Asinong'one mtu kwamba ninasimulia ya Marekani, ambako mwaka 1959 msomi mmoja mpole, kipenzi cha watazamaji wa shindano la maswali, alikiri mbele ya kamati ya bunge kwamba majibu yaliyompa umaarufu alipewa kabla ya maswali, na kwamba alifundishwa hata namna ya kusita. Wale walikuwa watu, nao waliapishwa ndipo wakasema. Hawa wangu ni ndege, na ndege haapishwi.

Nchi ikashikwa. Darasa la chini ya mti likabadili desturi: mtoto wa swala aliyeuliza “kwa nini” alikalishwa nyuma kwa kuwachelewesha wenzake, na aliyesema “la pili” kabla swali halijakamilika akavishwa shada. Aliyekwama kichuguuni aliruhusiwa kupiga yowe moja kwa ndugu yake aliye ng'ambo ya bonde. Fisi alimwita mjomba wake, naye mjomba akautumia muda wote kumjulia hali, kuuliza habari za nyumbani, na kumkumbusha asimsahau kikapu kikipatikana.

Na haya yote yalitokea katika majuma ambayo huko Ufipa hayana badala. Ni wakati huo, udongo ungali laini, ambapo nyasi hulazwa na kufukiwa ndani ya matuta ya duara ili zioze taratibu, hata msimu ufuatao matuta yatandazwe na ulezi uoteshwe juu ya rutuba ile. Mvua zikikata kabla nyasi hazijafukiwa, jua la kiangazi huzikausha zikiwa wima, moto huja kuzichukua, na mwenye shamba hubaki akilitazama jivu. Kila jioni wanyama walikubaliana kwamba kesho watashika jembe, na kila kesho kulikuwa na swali lililolala kiporo.

Washauri wachache walimwendea Mwene Simba, wakamsihi avipige marufuku vyungu. Mwene akawasikiliza hadi mwisho, akatabasamu kwa mashavu tu. “Zamani,” alisema, “kila mkutano waliniuliza daraja limefikia wapi, na ushuru wa malisho umekwenda wapi. Sasa ni mwezi wa pili hawajauliza neno, wanajibu tu.” Akaagiza aongezewe vyungu viwili.

Hatimaye Korongo Taji akashinda, kama ilivyopangwa, na kikapu kikainuliwa juu mbele ya nchi nzima. Panya wa Laela alinyoosha pua, akasema ulezi ule una harufu ya ghala lake. Akazomewa kwamba ana kijicho. Shangwe zilipopoa, kunguru wakavikusanya vyungu, na Mfukoshingo akashika njia ya Kalambo. Aliruka chini chini, kwa kuwa ule mfuko wa shingoni, ambao hakuna aliyewahi kuuona umejaa, ulikuwa ukiburuzika juu ya ncha za nyasi zisizofukiwa.

Mwaka uliofuata ulezi haukusimama. Baridi ikarudi, wanyama wakaurudia moto, wakakaa karibu karibu zaidi ya zamani, kwa maana tumbo tupu halina joto. Usiku mmoja ardhi ikapasuka kando ya moto, akatokea Bibi Fuko, mikono imejaa udongo. Huyu haoni, kwa hiyo chungu hakikuwahi kumfaa kitu, na majuma yale yote alikuwa chini akiinua matuta yake kama alivyofundishwa na mama yake.

“Shikamoo, Bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Kitendawili.”

“Tega!” wakaitikia kwa pupa, maana wepesi wa kujibu ndio akiba pekee iliyowabaki.

“Namla, naye ananipigia makofi.”

Wakajibu kabla hajafunga mdomo. Mmoja akasema moto, mwingine ngoma, na Fisi akaruka juu akasema mbu. “Mbu akipigiwa makofi hufa,” alisema Bibi Fuko. “Wa kwangu hunenepa.” Wakataja wadudu wote, wakataja magonjwa, hata maneno yakawaishia. “Basi nipeni mji,” akasema.

“Chukua Matai.”

“Nilikwenda Matai, nikawakuta wenyeji wameketi milangoni. Nikaomba uji, wakaniambia ulezi waliutoa punje punje, hawakumbuki lini ulikwisha. Mji huo una mwenyewe. Nipeni mwingine.”

“Chukua Laela.”

“Nilikwenda Laela. Ghala liko wima, ndani unavuma upepo. Huo nao una mwenyewe.”

Wakampa Namanyere, akaurudisha. Wakatazamana, kisha mzee wa mbega akasema kwa sauti ya chini, “Bibi, chukua Sumbawanga yenyewe.”

Bibi Fuko akatikisa kichwa. “Huo ndio mliotoa wa kwanza, wajukuu zangu, na wala hamkuwa mmeshindwa. Mlikuwa mnapatia. Nami bila mji sitegui.” Akageuka, akaanza kurudi shimoni.

Moto ukapasua kuni mara mbili, tatu. Kisha nyani mmoja kijana, ambaye alikuwa ameficha punje moja ya ulezi kwenye shavu tangu msimu uliopita, akaitema kiganjani, akainama kwenye mdomo wa shimo, akaita kwa adabu:

“Bibi, jibu tulitume wapi?”