Mchwa Wamemla Kumbikumbi

Barua ya mwalimu ilikuwa fupi. Kwenye mahafali ya darasa la awali watoto wangeigiza mvua ya kwanza ya vuli, kila mmoja akiwa mdudu au mnyama fulani, na maleba yatengenezwe nyumbani. Wengine walipewa chura, panzi, konokono na nyuki. Binti yetu alipewa kumbikumbi, na kuanzia jioni hiyo nyumba yetu hapa Tanga haikutulia.

Baba yake aliona kazi ni ndogo: fulana ya kahawia, mbawa mbili mgongoni, basi. Mtoto akamkazia macho. "Baba, kumbikumbi ana mbawa nne." Kisha ikaja habari ya miguu sita. Kisha papasi mbili kichwani. Mwalimu alikuwa amewaletea darasani kumbikumbi mwenyewe ndani ya chupa, na mtoto aliyemwona mdudu kwa macho yake humtulizi kwa vazi la nyuki lililobadilishwa jina. Nilikuwa upande wake tangu mwanzo. Madukani kuna mbawa za kipepeo za plastiki, za waridi na zenye kumetameta, ambazo hakuna kipepeo wa nchi hii anayezijua. Kumbikumbi hauzwi dukani. Anayemtaka lazima amtengeneze, na kabla ya kumtengeneza lazima amtazame.

Tukamtazama. Mvua ilinyesha mchana kutwa, na jua lilipozama wakatoka ardhini nyuma ya jiko, kwenye vitundu ambavyo jana yake havikuwepo. Shemeji yangu, baba mdogo wa mtoto, akatundika taa barazani na kuweka beseni la maji chini yake. Bibi akavuta mkeka. Yeye amekula kumbikumbi miaka yote ya maisha yake na hakuhitaji taa ili kueleza: hawa ni mchwa wale wale, ila ni madume na majike waliokuzwa kwa ajili ya safari moja tu. Wakishatua, mbawa zinakatika karibu kabisa na mwili, kwenye mstari uliokwishaandaliwa. Jike huinua tumbo kumwita dume, dume humfuata nyuma karibu kugusana, na wakipata udongo laini huingia chini wawili, wakawe mfalme na malkia wa kichuguu kipya. Katika aina zile za vichuguu vikubwa, malkia huja kutaga maelfu ya mayai kwa siku.

Mtoto alikuwa amemshika mmoja kwenye kiganja. Mbawa zote nne zina urefu sawa, akasema, na zinaupita mwili. Zimetoka kifuani. Hata miguu yote imetoka kifuani. Baba mdogo, aliyekuwa ameshapanga kuipanga miguu tumboni kama vifungo vya koti, akanyamaza. Papasi nazo hazikuwa nyuzi za kawaida. Zilikuwa punje ndogondogo zilizofuatana. Bibi akainuka bila kusema neno, akarudi na mkufu wake wa zamani wa ushanga, akaukata uzi. Tangu hapo nilijua kazi hii si ya mchezo.

Tukaanza na tumbo. Baba mdogo alipata boksi refu la sabuni, akalikunja, akalifunga kamba na kulipaka gundi, akachora pingili kwa mkaa. Lilipendeza. Tukaliweka stoo, wima, limeegemea ukuta, gundi ikauke. Stoo ile sakafu yake ni ya udongo. Asubuhi nilipoliinua nikainua nusu. Chini palikuwa na vijia vya tope lililo bado bichi, na ndani ya vijia hivyo mchwa wenyewe, weupe, wakiendelea na kazi bila hofu.

"Bandu bandu huisha gogo," Bibi akasema kutoka mlangoni, "na boksi si gogo."

Mtoto hakulia. Alichuchumaa akatazama kwa muda mrefu, halafu akaita nyumba nzima: "Mchwa wamemla kumbikumbi!" Nilimweleza ninachokijua, kwamba boksi ni mti uliosagwa, na mchwa haoni tofauti kati ya boksi letu na gogo lililoanguka porini. Wale wa vichuguu vikubwa hupeleka walichotafuna chumbani chini, wakaoteshea kuvu wa kuwalisha, na ule uyoga mnene tunaouchuma kichuguuni baada ya mvua hutoka kwenye bustani hizo hizo. Kwa hiyo tumbo la kumbikumbi wetu lilikuwa njiani kuwa chakula cha kumbikumbi wa kweli. Baba yake, ambaye mpaka hapo alikuwa akisoma gazeti, akaongeza kwamba mwaka 2007 watafiti wa Uingereza walitoa matokeo ya vinasaba yanayomweka mchwa ndani ya ukoo wa mende. Bibi alikataa jambo hilo papo hapo. Mende haliwi.

Tumbo la pili tukalishona kwa kitambaa cha kahawia na kulijaza sufi. Misufi bado ipo mjini kwetu, na sufi ni nyepesi, haimchoshi mtoto. Mchwa anaweza kuila nayo, lakini mara hii vazi lililala juu ya kabati. Soksi mbili kuukuu zilizojazwa sufi zikawa miguu ya katikati, zikashonwa mbavuni mwa fulana, na kila moja ikafungwa uzi mwembamba kwenye kiwiko ili mtoto akipunga mkono nayo ipunge. Hilo lilikuwa wazo la baba yake. Gazeti lilikuwa limeshawekwa kando.

Zikabaki mbawa, na hapo ndipo tulipokesha. Plastiki ilipiga kelele, karatasi ilichanika. Nikafungua sanduku langu, nikatoa shela la harusi. Bibi akasema, "Mkwe, fikiria kwanza." Nilikuwa nimeshafikiria. Shela linavaliwa siku moja ili mtu aende kuanza nyumba, na kumbikumbi naye mbawa zake ni za siku moja kwa kazi hiyo hiyo. Nililikata kwa moyo mweupe. Tatizo lilikuwa weupe wake, kwa sababu mbawa za kumbikumbi zina rangi ya moshi. Tukachemsha majani ya chai mpaka yakawa meusi, tukaliloweka usiku kucha, likatoka na rangi ambayo nisingeipata kwa kununua.

Nne, sawasawa, kila mmoja sentimita 90. Mishipa ya mbele ikawa chelewa, zilizochomolewa moja moja kwenye fagio la Bibi mpaka fagio likabaki mkononi mwake jembamba la kusikitisha. Nikazikausha kwa wanga wa muhogo ili zisimame, nikazianika kambani. Tukaenda msibani mtaa wa pili, mvua ikaja bila ngurumo. Tuliporudi mbawa zilikuwa zinachuruzika uji. Wanga ukapakwa upya, umeme ukakatika, ikatolewa pasi ya mkaa, na cheche moja ikatoboa ubawa wa kushoto tundu la ukubwa wa shilingi. Mtoto akalichungulia. Akasema liachwe, maana yule wa kiganjani naye alikuwa na ubawa uliochanika.

Halafu likaja sharti ambalo sote tulikuwa tumelisahau, isipokuwa yeye. Mbawa lazima zikatike jukwaani. Zisianguke njiani, zisigome zikitakiwa. Nikampelekea fundi cherehani vazi zima, akasikiliza, akavua miwani. Miaka yake yote, alisema, watu humletea nguo ili vitu visidondoke. Akajaribu uzi hafifu, akajaribu pini, akaishia kwenye vifungo vya chuma vya kubana, kimoja kwa kila ubawa, akavilegeza kwa koleo hadi mtoto akijitikisa viachie. Alikataa malipo ya kazi hiyo ya mwisho. Alitaka kuambiwa tu kama vimeachia.

Siku yenyewe tulikwenda kwa bajaji, mbawa zikitokeza pande zote mbili na dereva akiendesha taratibu kuliko maiti anavyobebwa, kwa heshima. Kayamba zikalia mvua, chura akaruka, konokono akasahau zamu yake. Kumbikumbi wetu akatoka chini ya kanga ya kahawia iliyokuwa ardhi, akazunguka jukwaa mbawa zimepanuka, na nilisikia watu nyuma yangu wakitaja jina la mdudu wenyewe bila kuambiwa. Hilo ndilo nililolitaka. Akatua. Akajitikisa. Mbawa tatu zikaanguka pamoja, wa nne ukaning'inia.

Wazazi wengi wakadhani vazi limeharibika. Mama mmoja wa safu ya mbele, mtu mwema sana, akainuka na pini mkononi, akapanda jukwaani, akaokota ubawa wa kwanza ili ambandike. Binti yangu akamzuia kwa sauti iliyofika mpaka getini: "Shangazi, ziache, zimeshamaliza kazi!" Mvulana aliyekuwa dume, akiwa nyuma yake kama alivyofundishwa, akaung'oa ule wa nne kwa mikono miwili, na wakaondoka kwa kufuatana, wakaingia chini ya kanga. Mwalimu akasimama kueleza kwa nini kumbikumbi hutupa mbawa. Ukumbi mzima ukamsikiliza, na shangazi yule akabaki jukwaani amekumbatia ubawa mpaka maelezo yakaisha, akapiga makofi kuliko wote.

Nilimpitia fundi jioni ile ile nikamwambia: vitatu viliachia, kimoja kiligoma. Akauliza ni kipi, akataka kukiona.

Wiki iliyofuata mvua ikarudi, na beseni likawekwa tena chini ya taa. Bibi akapepeta mbawa kwa ungo, akaweka chungu motoni.

"Bibi, tuwaachie wawili," mtoto akasema. "Dume na jike."

"Waende wapi?"

"Wakajenge."

Bibi akawachagua yeye mwenyewe, akamkabidhi kiganjani. "Haya. Lakini wapeleke kule kwenye mwembe, mbali na stoo yangu." Waliobaki akawakaanga kwa mafuta yao wenyewe na chumvi.