Namna ya Kutangaza Kifo cha Usasa Bila Kumzika Aliye Hai

Anza na baruti. Anayetaka kutangaza kwamba enzi imekwisha anahitaji kitu kilichoporomoka watu wakitazama, na mwalimu wa kwanza wa kazi hii ni Charles Jencks. Mwaka 1977 mwanahistoria huyo wa usanifu majengo aliandika kwamba usanifu wa kisasa ulikata roho mjini St. Louis, Marekani, tarehe 15 Julai 1972, mnamo saa 9:32 alasiri. Marehemu alikuwa mtaa wa Pruitt-Igoe: majengo 33, kila moja ghorofa 11, yaliyochorwa na Minoru Yamasaki na kujengwa katika miaka ya 1950 ili watu wa kipato kidogo wapate hewa, mwanga na maji ya bomba. Tangazo lenye tarehe na saa huwashika wasikilizaji, na tangu hapo Pruitt-Igoe haikauki midomoni mwa wanaojadili usasaleo, yaani fikra za baada ya usasa.

Hatua ya pili ni kukagua maiti. Ubomoaji ulikuwa umeshaanza mwezi Machi mwaka huohuo, na uliendelea kwa miaka mingine kadhaa. Tena michoro haikuyaua majengo yale peke yake. Fedha za matengenezo zilitegemea kodi ya wapangaji, nao wapangaji, wengi wao Wamarekani Weusi waliofungiwa milango ya ajira na ya vitongoji vya wazungu, hawakuwa na cha kuongeza. Mji wenyewe ulikuwa ukikimbiwa na wakazi. Lifti zikiharibika zinaachwa hivyohivyo, vioo vikivunjika upepo unaingia. Katharine Bristol aliyapanga haya yote wazi katika makala ya mwaka 1991. Usiiruke hatua hii. Anayeiruka anachukua mateso ya familia za watu na kuyafanya pambo la mhadhara, na mimi sioni nadharia yoyote inayostahili bei hiyo.

Ukimaliza St. Louis, nenda kwa mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard. Kitabu chake cha mwaka 1979, ambacho kila mtu anakitaja, kilianza kama ripoti iliyoagizwa na baraza la vyuo vikuu la serikali ya Quebec: maarifa yatakuwa nini katika jamii za kompyuta? Jibu lake ni kwamba watu wameacha kuyaamini masimulizi makuu, yaani zile hadithi kwamba sayansi au mapinduzi yanatupeleka sote kwenye ukombozi mmoja. Hapa kuna kanuni ya kufuata bila kulegea: kila unaposema simulizi limekufa, litaje ni lipi, na umtaje aliyekuwa akiliamini. Lyotard mwenyewe analipita jaribio hilo. Alifundisha Constantine, Algeria, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akakaa miaka mingi katika Socialisme ou Barbarie, kundi la wanamapinduzi wa Kimaksi, akiandika kuhusu vita vya ukombozi vya Waalgeria. Alikana imani aliyokuwa ameitumikia. Mwanafunzi anayekariri kanusho hilo bila kuwahi kuamini lolote amebeba kitu kingine kabisa.

Wakati huo atasimama mtu nyuma ya ukumbi na kusema usasa haujafa, umepevuka. Mpe nafasi aseme hadi mwisho, maana nadhani ndiye mwenye haki.

Hoja yake inatoka kwa Ulrich Beck, mwanasosholojia wa Ujerumani. Kitabu chake kuhusu jamii ya hatari kilitoka mwaka 1986, mwaka ambao kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka usiku wa tarehe 26 Aprili. Wingu lilifika Bavaria, na wazazi wakaanza kujiuliza kama mtoto anywe maziwa, kama acheze mchangani, kama uyoga wa msituni unalika. Hatari ile haikuwa na rangi wala harufu. Kuijua kulihitaji vipimo, na wenye vipimo walitoka katika sayansi ileile iliyokizaa kinu. Beck hakuona hapo enzi mpya ikianza. Aliona usasa ukikabiliwa na matunda ya mafanikio yake wenyewe, ukilazimika kujihoji kwa kutumia zana zilezile zilizouletea balaa. Maelezo hayo yanabana kuliko ya Jencks kwa sababu hayahitaji kifo. Yanaeleza kwa nini mtu anaweza kumshuku daktari wake na bado akarudi kliniki kesho yake.

Hata hivyo mbane Beck pia. Aliandika kwamba hewa chafu haibagui kama umaskini unavyobagua. Desemba 1984, gesi ilipovuja usiku katika kiwanda cha Union Carbide mjini Bhopal, India, walioanguka kwanza walikuwa wakazi wa vibanda vilivyopakana na ukuta wa kiwanda. Beck aliitaja Bhopal katika kitabu hichohicho. Alijua kwamba hatari na umaskini huvutana. Basi unapomtumia, uliza kwanza nani alikuwa amelala karibu na ukuta.

Kwa mwanasosholojia Mwingereza Anthony Giddens chukua jambo moja, imani. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 alieleza kwamba tunaishi kwa kuiamini mifumo ya wataalamu tusiowajua, na kwamba mfumo hukutana nasi kupitia sura ya mtu. Mkenya anayeweka au kutoa pesa kwa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, haioni mitambo. Anamwona wakala dirishani.

Mwanafikra Mfaransa Jean Baudrillard mpitie upesi. Mwaka 1991 aliandika kwamba Vita vya Ghuba havikutokea, akimaanisha kwamba kilichoonekana kwenye televisheni kilikuwa kimemeza mapigano yenyewe. Ukikinukuu kichwa hicho cha makala, wataje pia Wairaki waliouawa, kwa sauti ileile.

Mwishoni mweke mwanasosholojia Zygmunt Bauman. Baada ya kufukuzwa Poland mwaka 1968 katika kampeni dhidi ya Wayahudi, hatimaye alihamia Leeds, Uingereza. Kwa miaka aliandika kuhusu usasaleo, kisha mwaka 2000 akaliacha jina hilo na kuzungumzia usasa wa majimaji, ambamo ajira, ndoa na miji havikai katika umbo moja. Wengi huanzia hapo. Wewe anza na kitabu chake cha mwaka 1989, kinachoonyesha kwamba mauaji ya Wayahudi yalitumia ofisi, mafaili na ratiba za treni, vyombo vyote vya usasa ulionyooka. Ukifungua kile cha mwaka 2000 ukitoka huko, utakuta mtu anayeomboleza ugumu ulioyeyuka huku akikumbuka vizuri ulivyoweza kuua.