Ya Soda

Saluni ninayonyolea, kule Sinza, bei zake zimeandikwa ukutani kwa kalamu nene: kunyoa 3,000, ndevu 1,000, skrabu 5,000, kupaka nyeusi 5,000. Pembeni kuna bango la vichwa vyenye namba, nawe unatakiwa useme unataka namba ngapi, ingawa ukisema 7 au ukisema 19 utatoka na kichwa kilekile. Ambacho hakijaandikwa popote ni kiasi cha kumwachia kinyozi akishakukung'uta nywele shingoni, akasimama nyuma yako na kile kioo kidogo, akingoja ukione kisogo chako na useme neno.

Hapo kila mtu na mbinu yake. Kuna wanaosema "safi sana" na kutoka haraka. Kuna wanaotoa noti ya elfu tano na kuiachia chenji ijitetee yenyewe. Mimi huanza kupapasa mifuko taratibu, nikiomba umeme ukatike.

Lakini kwa jinsi ninavyoona, ile ya soda hailipii kunyolewa. Kunyolewa kumeshalipiwa. Ile ni ya mwezi ujao: unamlipa mwenye wembe akumbuke kwamba una kipele nyuma ya sikio la kushoto, kwamba nywele za mbele zimeshaanza kurudi nyuma zenyewe na hazihitaji msaada, na kwamba mashine inapigwa spiriti na moto kabla haijakugusa, maana mapunye hayachagui cheo.

Asiyenielewa aende kunyoa kwa mtu asiyemjua, kama nilivyofanya mimi nikiwa njiani kwenda harusini. Kinyozi wangu alikuwa amesafiri kwao, nikaingia kwenye kibanda cha buku. Kwa buku unapata kiti, mashine na televisheni, na siku ile televisheni ilikuwa na Simba na Yanga. Kinyozi alikuwa amevaa jezi ya kijani. Mpira ukivuka katikati ya uwanja, mashine inapunguza mwendo. Mpira ukiingia kwenye boksi, mashine inasimama kabisa, ikinguruma juu ya utosi wangu. Yanga wakafunga. Kinyozi akaruka na mashine mkononi, na mashine haikuona sababu ya kupita hewani wakati kichwa kipo. Ikafungua barabara kutoka sikioni hadi karibu na utosi.

"Mkuu, tushushe zote?" akaniuliza, macho yakiwa bado kwenye marudio.

Tukashusha zote. Harusini wazee walikuwa wananivuta pembeni mmoja mmoja, wananishika bega na kuniuliza nimefiwa na nani. Na mimi ni Simba. Ajabu ni kwamba hata yule nilimpa jero ya soda juu ya buku lake. Alikuwa bado ameshika wembe.

Vinyozi wenyewe, ukikaa nao wakati hakuna wateja, watakwambia habari za hesabu. Wengi wao kile kiti si chao. Kuna wanaogawana na mwenye saluni kwa kila kichwa, na kuna wanaopeleka hesabu jioni kama watu wa bodaboda, vichwa viwepo visiwepo. Mvua ikishinda inanyesha hakuna anayekuja kunyoa, lakini hesabu hainyeshewi. Kwa hiyo ile unayoiita ya soda, mara nyingi ndiyo nauli ya kurudi Mbagala.

Kinachoniudhi ni sisi wateja tunavyogawa. Kinyozi anasimama nusu saa akiusaka ule mstari wa mbele usipinde, anaambiwa "asante, ubarikiwe." Dada wa skrabu akishakufunika taulo la moto usoni na kukuvuta vidole mpaka vikalia, mtu anachomoa elfu tano bila kuitazama. Jamani, tulikuja kunyoa au tulikuja kuvutwa vidole?

Shemeji yangu anayeishi Marekani alikuja likizo na utaratibu wa huko, ambako kumwongezea kinyozi asilimia 15 hadi 20 ni jambo la kawaida, na asiyetoa anaonekana hana malezi. Akapiga hesabu kwenye simu. Asilimia 20 ya 3,000 ni 600. Akaweka sarafu ya mia tano na ya mia moja juu ya meza, kwa heshima zote. Tulikuwa tumeshafika barabarani kinyozi alipotukimbilia.

"Kaka, umesahau chenji yako."

Siku hizi hata kusahau chenji kumekuwa kugumu, kwa sababu kwenye kioo pamebandikwa lipa namba. Nililipa 4,000 kwa simu, nikamwonyesha kinyozi ujumbe, nikasubiri ashukuru. Akatabasamu kama mtu aliyeletewa taarifa ya msiba wa mbali. Namba ni ya mwenye saluni, ambaye anakaa Tabata na hajawahi hata kunishika kichwa. Buku langu la ziada lilikwenda huko. Na ukisema umtumie kinyozi jero kwenye simu yake, weka makato ya kutuma, weka ya kutoa, soda inanywewa njiani.

Nyumbani kwangu, hata hivyo, bingwa wa mambo haya ni mke wangu. Akienda kusuka rasta, anakaa kwenye kile kistuli tangu asubuhi mpaka magharibi, na akirudi ngozi ya kichwa imevutwa hadi kufumba macho ni kazi. Kabla hajakaa, lazima wapatane. Msusi anasema 35,000, yeye anasema 20,000. Wanatajiana ada za watoto na kodi za nyumba, msusi anajifanya anafunga mlango, mke wangu anajifanya anaondoka, mwisho wanakubaliana 30,000. Jioni akimaliza anatoa 30,000, halafu anaongeza 5,000 ya soda.

Nikamuuliza kwa nini asingekubali tu ile 35,000 tangu asubuhi, akaokoa muda.

"Mume wangu, bei ni elfu thelathini," akasema. "Hiyo nyingine nimempa mimi."

Kisha akaniomba elfu tano, maana ile aliyompa msusi ilikuwa ya mboga.