Inchi za Karani

Msimu wa kahawa ukifunguliwa Kyerwa, kila mtu hupata ugonjwa wake. Wakulima hukosa usingizi, wenye malori hupandwa na ukali, na sisi makarani wa vyama vya msingi huumwa shingo. Laptopu ya ofisi yetu ina kioo cha inchi 11.6, jamii ya zile zilizokwisha kutumiwa na watoto wa shule huko Ulaya kabla ya kuja kumalizia maisha kwetu. Jedwali la chama nalo ni refu kwa upana: jina, kijiji, kilo za maganda, malipo ya awali, mkopo wa pembejeo, ushuru, makato, salio. Jina likionekana, salio limejificha kulia. Ukilifuata salio, jina limeshatorokea kushoto. Kwa mtindo huo unaweza kumlipa mtu wa Kaisho fedha za mtu wa Mabira, na wote wawili wakaendelea kukuamkia kwa heshima mpaka siku watakapokutana kwenye pombe ya lubisi.

Kwetu Nkwenda hakuna upungufu wa washauri. Shemeji yangu ndiye aliyewahi. "Ya nini kununua monita, na sebuleni una flati ya inchi 32?" Hoja ilikuwa na uzito. TV ipo, tundu la HDMI lipo, waya unauzwa kwa bei ya kilo chache za kahawa. Tukachomeka, kioo kikawaka, na shemeji akarudi nyuma hatua mbili akatabasamu kama fundi mwashi aliyemaliza kupaua. Herufi zilikuwa kubwa kiasi kwamba jirani aliyepita nje aliuliza kama tumeanzisha darasa la ngumbaru. Nikatafuta salio. Halikuwepo. Jedwali lilikuwa limekatika kwenye safu ile ile lililokuwa likikatikia siku zote.

Tatizo halikuwa waya. Kioo hubeba nukta, na idadi ya nukta hizo ndiyo inayoamua jedwali litaingia kiasi gani. TV nyingi za bei nafuu za inchi 32 zina nukta 1366 kwa upana na 768 kwa kimo. Laptopu yetu ndogo ina hizo hizo, 1366 kwa 768. Tulikuwa tumeongeza zaidi ya inchi 20 bila kuongeza hata mkulima mmoja. Isitoshe, TV hupenda kunyofoa kingo za picha, kwa hiyo ule mstari wa chini wenye saa ulikuwa umepotea, na ilipotimia saa mbili usiku tulijua kwa njia nyingine: mama watoto aliingia, akashika rimoti, akasema taarifa ya habari imeanza na wakulima wangoje kesho. Jumamosi ilikuwa Simba na Yanga. Sikujaribu kubishana.

Inchi si ngeni kwetu Karagwe, tena zilifika hapa kabla ya mahali pengi. Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke, akiwa safarini kutafuta chanzo cha Nile, alipokewa na Mfalme Rumanyika wa Karagwe, aliyekuwa na makao yake Bweranyange. Mgeni alikuja na bunduki, zawadi, na utepe wa kupimia. Enzi hizo wanawake wa nyumba ya mfalme walinyweshwa maziwa kwa wingi ili wanenepe, kwa kuwa unene ulikuwa urembo na utajiri kwa pamoja. Mzungu alishangaa, akaomba, akampima shemeji wa mfalme mkono, kifua na paja, kisha vipimo vyote akavichapa katika kitabu chake cha 1863, watu wa London wasome. Mambo ya kupimana mashemeji niyaache hapo. Ninachosema ni kwamba Speke, pamoja na utovu wake wa adabu, alizungusha utepe akaandika alichokipata. Wauza vioo wa leo wanapima mshazari, kona ya chini mpaka kona ya juu ya upande wa pili, kwa sababu hakuna mstari mrefu kuliko huo.

Matokeo yake ni vituko. Kioo kipana cha inchi 24 kina upana wa sentimita 53 na kimo cha sentimita 30. Kile cha zamani cha inchi 19, kinachokaribia mraba, nacho kina kimo cha sentimita 30. Yaani mtu anaweza kulipia inchi tano zaidi na asipate hata sentimita moja ya kimo. Zote zimekwenda pembeni. Kwangu mimi hilo lilikuwa neema, maana salio langu liko pembeni. Halafu kuna yule anayekwambia chukua 27, utaona mengi. Ukigeuza boksi unakuta 1920 kwa 1080, nukta zile zile za kioo cha 24, zimetanuliwa tu. Huoni mengi, unaona makubwa. Kwa mzee wa macho mabovu ni sawa, lakini jedwali halitaongezeka. Nikaamua: inchi 24, nukta 1920 kwa 1080, ambazo ni karibu mara mbili ya zile za laptopu. Na kisiwe chenye chogo. Vya chogo bado vipo stoo za watu huku, vinakalia mahindi.

Kuamua ni kazi ndogo. Kununua ndiko kuliko na miba. Duka lilikuwa Bukoba, mimi niko Nkwenda, na kati yetu kuna picha ya WhatsApp. Muuzaji alituma picha ya mbele tu, kioo kinang'aa, kimetoka ofisi za Ulaya, "hakina hata mkwaruzo, bosi". Sisi wa Kagera tuna jina la biashara hiyo. Mkulima mwenye shida akiuza kahawa ikiwa bado ua mtini, tunaita butura, na serikali imeipiga marufuku. Kununua kioo kikiwa bado picha hakujapigwa marufuku.

Kilikuja kwa basi hadi Omurushaka, kikamalizia kwa bodaboda, kimefungwa blanketi na kupakatwa na abiria wa pili, mama mmoja aliyekuwa akienda msibani na ambaye namshukuru mpaka leo. Kilifika kizima. Nikakigeuza mgongo, ule upande usiopigwa picha. Kulikuwa na matundu mawili: VGA, lile la pini 15 lililoanza 1987, na DisplayPort. HDMI hakuna. Laptopu ina HDMI. Ndani ya blanketi kulikuwa na waya ambao muuzaji aliapa ni HDMI, nao ulikuwa DisplayPort huku na huku. Kwa mbali vinafanana. Tofauti iko kwenye kona: kichwa cha HDMI kimebonyea kona mbili za chini, cha DisplayPort kimekatwa kona moja tu. Fundi wa simu wa hapa centa hakuwa na habari na kona. Alitazama, akasema "unahitaji kulazimishwa kidogo", na nikamwahi mkono.

Kayanga ikapatikana adapta, HDMI upande mmoja, DisplayPort upande wa pili. Ikaingia vizuri kabisa kote kote, na kioo kikabaki cheusi. Adapta zile za bei ndogo huenda njia moja: zinatoa picha kwenye kompyuta yenye DisplayPort na kuipeleka kwenye kioo chenye HDMI. Mimi nilitaka kinyume, na kinyume chake kinadai kigeuzi kingine, chenye umeme wake na bei yake. Hilo halijaandikwa popote kwenye pakiti. Mwishowe tukarudi kwenye tundu la 1987. Adapta ya HDMI kwenda VGA inauzwa hata kwenye duka la nguo, na salio likatokea, limefifia kidogo kingoni lakini limekaa mstari mmoja na mwenyewe.

Kuhusu umeme nitasema machache. Kagera tuliupata kutoka Uganda kwa miaka mingi, na pale Murongo sasa kuna mtambo wa megawati 14 juu ya Mto Kagera, ambao umeme wake hugawanywa kwa ng'ambo zote mbili. Umeme wenye pasipoti mbili nao huchoka. Ukikatika, laptopu ina betri, kioo hakina. Na kompyuta, ikiona waya ungali umechomekwa, huamini kioo kipo hai. Jedwali linabaki gizani, kishale cha mausi kinavuka mpaka kwenda kulitafuta na hakirudi. Jifunze kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, uchague kioo cha kompyuta peke yake. Mimi nilifundishwa na mwanafunzi wa kidato cha pili.

Kitu ambacho hakuna muuzaji aliyenieleza ni hiki. Kioo cha laptopu yetu ni cha TN. Ukikitazama kutoka ubavuni, rangi zinageuka na maandishi yanazama. Hiki kipya ni IPS, kinachosomeka kutoka pembe yoyote, na wataalamu wanakisifia kwa hilo. Ofisi yetu ina benchi pande tatu. Siku ya kwanza ya malipo palikuwa na ukimya nisiouzoea. Kilo za kila mtu, mkopo wa kila mtu, makato ya kila mtu, wazi, sentimita 53 kwa 30. Nikakigeuza kielekee ukutani. Mzee mmoja mwenye koti na fimbo akainuka, akabeba kigoda chake, akaja kukaa kati yangu na ukuta.

"Shikamoo, mzee. Jina lako bado sijalifikia."

"Marahaba, karani. Langu nalijua. Teremsha kidogo, waitu, nimeliona la mkwe wangu. Aliniambia mwaka huu hakuvuna."