Mgema Akisifiwa, Hununua Mitambo

Ubaya ulianza na sifa. Kwenye sherehe ya kipaimara cha mtoto wa wifi yangu, mzee mmoja wa ukoo alipokea kata ya mbege, akanywa, akanyamaza, akanywa tena, kisha akatangaza mbele ya watu kwamba tangu ashuke kutoka mlimani hajapata kunywa mbege kama ile hapa Dar es Salaam. Nikamwona Baba Watoto ananyoosha kola. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wangu hakutia maji, alianza kutafuta mitambo.

Ieleweke mapema kwamba mbege iliyosifiwa ilipikwa na mama mkwe, kwa vyombo vya mama mkwe: sufuria mbili kubwa za kukodi, mafiga uani, pipa la plastiki la lita 60, mwiko mrefu wa mti na kipande cha shuka jeupe cha kuchujia. Mama aliteremka kutoka Kibosho na mfuko wa unga wa kimea cha ulezi na kijifuko cha msesewe. Kazi ya mwanawe siku ile ilikuwa kwenda Mabibo, kwenye ile Mahakama ya Ndizi, kununua mikungu. Na kuonja.

Kwa asiyeijua, mbege ni kazi ya pande mbili zinazokuja kukutana. Ndizi mbivu humenywa, zikachemshwa hadi zikageuka rangi ya hudhurungi, zikamwagwa kwenye pipa na kuachwa zichachuke zenyewe kwa siku kadhaa. Upande wa pili kuna ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Huo hupikwa uji, na msesewe hutiwa kwa ajili ya uchungu. Msesewe ni gome la mti, wataalamu wa mimea wanauita Rauvolfia caffra. Uji ukishapoa huchanganywa na maji ya ndizi yaliyochujwa, na kesho yake watu wanakaa chini ya mti. Keshokutwa imekuwa kali, na baada ya hapo hata mwenye nyumba anakunja uso. Hakuna mbege ya akiba.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mgema hupanda mnazi na kibuyu na kisu, akashuka na tembo, hadithi ikaisha. Kwa hiyo Baba Watoto alipoanza kukaa na simu hadi usiku wa manane akitazama wanaume wa Marekani wanaopika bia ya shayiri kwenye gereji zao, niliona ni starehe ya mtu aliyestaafu. Afadhali hiyo kuliko kubeti. Sikujua kwamba alikuwa anapiga picha kila chombo na kumpelekea fundi wa Gerezani.

Tangi likaja kwa Kirikuu: stenlesi, lita 120, linang'aa hadi majirani wakatoka nje. Chini lina koki ya nusu inchi. Pembeni kuna tundu la hita. Juu kuna kifuniko chenye mshikio wa mpira. Sehemu ya fedha ilikuwa yake, sehemu ilikuwa ya kikoba changu, na sehemu hiyo ya pili niliisikia baadaye.

"Mama Watoto," akaniambia, "hii sasa ni kazi ya kitaalamu. Hakuna tena kuinama na kuchota. Unafungua koki, inashuka safi."

Haikushuka. Na hapa nawasihi wanaotaka kununua tangi la namna hii wasimame kidogo, maana fundi hakulikosea kitu. Tangi lile limebuniwa kwa ajili ya shayiri. Punje ya shayiri ina ganda, na ganda hilo likitulia chini ya tangi linakuwa chujio lenyewe. Maji matamu yanapita katikati yake na kutokea kwenye koki yakiwa meupe. Ndizi haina ganda la namna hiyo. Ukishaimenya na kuichemsha kinachobaki ni rojo na nyuzinyuzi, na rojo huwa halijui kushuka kwenye tundu la nusu inchi.

Basi Baba Watoto akapiga magoti mbele ya koki. Akaipuliza kwa mdomo. Akaingiza waya wa henga, akauzungusha, akausukuma, akautoa ukiwa na kamba nyeusi ya ndizi. Shemeji yangu, mdogo wake, akatoa ushauri kwamba atikise tangi. Wakalitikisa pamoja, lita karibu mia za ndizi moto. Rojo lililokuwa limeziba likaachia ghafla, likamvaa Baba Watoto kifuani, kwenye shati la kitenge alilovaa ili apigwe picha akizindua mtambo. Hakuungua sana. Shati ndilo lililokwenda.

Siku ile tulimalizia kwa kuchota na bakuli, kama zamani, tofauti ikiwa kwamba tangi lina kina kirefu na mimi mkono wangu ni mfupi.

Hita nayo ina habari yake. Ilikuwa ya kilowati 3, na kwa hesabu ya karatasini inafaa: kuchemsha lita 80 za maji kutoka joto la bomba la Dar mpaka yatokote kunahitaji yuniti kama saba za LUKU, yaani saa mbili na nusu hivi, na kwa kweli ni nafuu kuliko kuni za mjini. Lakini kilowati 3 ni ampia 13, ambacho ndicho kikomo cha plagi zetu za miguu mitatu. Uani hakuna soketi. Baba Watoto akavuta ekstensheni ya dukani, ile ya kuzungushia kwenye gurudumu, na akaiacha imezungushwa vilevile kwa sababu "mbona inafika". Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto. Harufu ya plastiki ilitangulia, moshi ukafuata, swichi kubwa ikaanguka, na nyumba nzima ikawa giza pamoja na mpangaji wetu wa nyuma aliyekuwa anatazama mpira. Maneno ya mpangaji sitayaandika.

Akaita fundi umeme, akavuta waya mnene hadi uani. Hapo nikaona ameanza kuelewa. Kumbe alikuwa anajiandaa kupika uji wa ulezi kwa hita.

Maji yakipashwa moto huzunguka: ya chini yanapanda, ya juu yanashuka, hita inaoga muda wote. Uji mzito hauzunguki. Ule ulioigusa hita unabaki pale pale, unaungua, unajenga ukoko, na ukoko unazidi kuzuia joto lisitoke. Tulipolimwaga tangi, hita ilikuwa imevaa soksi nyeusi ngumu tuliyoibandua kwa kisu. Mbege ya mkupuo ule ilinuka mkaa. Wageni walikuwa na adabu, wakasema ina ladha ya kijijini.

Kuhusu kupima, nitasema kwa ufupi. Alinunua haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea ili kuonyesha sukari iliyomo. Kwenye maji yaliyochujwa vizuri ni chombo cha maana: ukipima kabla ya kuchachuka na baada, unajua kiasi cha kilevi. Nyingi zimewekewa kipimo cha nyuzi joto 20, kwa hiyo katika joto letu la 30 lazima usahihishe kidogo. Lakini yeye aliitumbukiza kwenye rojo lenyewe, ikasimama wima kama mwiko kwenye ugali. Akaandika namba kwenye daftari. Daftari lipo mpaka leo.

Kipimajoto alikataa kununua kwa kuwa, alisema, tunacho: kile cha kupigia kwenye paji la uso kilichobaki tangu enzi za korona. Akakielekeza kwenye uji unaofuka moshi. Kikalia, kikawaka taa nyekundu, kikaandika herufi mbili za kuonyesha joto limepita kiwango. Kwa mujibu wa chombo kile uji wetu ulitakiwa kupelekwa hospitali.

Kilichomleta mama mkwe mjini kwa mara nyingine, hata hivyo, ni pipa. Wale wa gereji hufunga mapipa yao kabisa na kuweka kijibomba chenye maji kwenye kifuniko: gesi inatoka kwa kutoa mapovu, hewa na nzi haviingii. Ni ubunifu mzuri kwa kinywaji chepesi na pipa lililoachiwa nafasi. Letu lilijazwa hadi shingoni. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote, karibu nusu ya uzito wake hugeuka gesi ya kaboni, zaidi ya lita 250 za gesi, na gesi hiyo huinua nyuzinyuzi za ndizi hadi juu kama godoro. Godoro likafika kwenye kijibomba. Kijibomba kikaziba.

Pipa lilikuwa stoo, na stoo inapakana na chumba chetu. Mlio wenyewe ulikuwa mzito, kama mtu ameangusha gunia la mchele kutoka darini, na baada yake mbwa wa mtaa mzima wakaanza. Tulipowasha taa tukakuta kifuniko kimekwama kwenye feni mbovu tunayoitunza, na ndizi ziko kwenye dari, kwenye mwavuli, kwenye begi la shule, ndani ya viatu vya kanisani. Zile za darini zilikuwa zinadondoka moja moja kwa utaratibu.

Baba Watoto akampigia mama yake alfajiri. Nilikuwa pembeni, na simu ilikuwa kwenye spika.

"Mwanangu," mama akauliza baada ya kusikiliza yote, "umeifungia mbege ndani? Imekukosea nini?"

Akapanda basi. Alipofika hakuangalia tangi. Alizunguka na vidole vyake: akagusa pipa, akagusa ukuta wa stoo, akanusa pipa la pili la bluu ambalo mwanawe alilinunua mtumba, akasema, "Hili lilikuwa na sabuni." Chini ya pipa kuna alama ya pembetatu yenye namba 2, maana yake ni aina ya plastiki ambayo huweza kutumika kwa chakula, lakini namba hiyo haisemi mwenye pipa wa kwanza aliweka nini ndani. Pipa likatolewa nje likawa la taka.

Kisha akasema jambo ambalo wale wa kwenye simu hawakulisema. Kibosho kuna baridi. Ndizi zake huchachuka taratibu, na siku anazohesabu yeye ni siku za kule. Stoo yetu mchana inafika nyuzi 32, na ndizi zinapochachuka zenyewe huongeza joto juu ya hilo. Ndiyo maana mbege yetu ilikuwa inawahi kuwa kali: joto lilikuwa linakimbiza kazi, na wadudu wa siki nao wanalipenda joto. Kati ya mitambo yote iliyonunuliwa, hakuna hata mmoja ulioshughulikia jambo hilo.

Tiba ilikuwa beseni. Pipa likakaa ndani ya beseni pana la kuogea watoto lenye maji, na asubuhi na jioni tukawa tunatumbukiza humo chupa za maji zilizogandishwa kwenye friza. Kipimajoto cha sindano, kile cha kuchomea nyama, kikatuonyesha nyuzi 24, siku nyingine 25. Kipimajoto hicho hicho ndicho kikawa kinatuambia uji umepoa kiasi cha kuchanganywa, maana ukiutia wa moto sana, kuanzia nyuzi 50 kwenda juu, unaiua hamira yenyewe. Mama yeye anatumia kifundo cha mkono. Tulimpima: alisema "sasa", kipimajoto kikasoma 34.

Kwa hiyo kwa mwenye kupika kwake na kufikiria kuboresha vyombo, hukumu yangu ni hii, na Baba Watoto ameisoma akanuna. Kwanza nunua kipimajoto cha sindano. Pili mpelekee fundi cherehani kitambaa cha pamba akushonee mfuko wa kuchujia wenye mdomo mpana na kamba. Huo peke yake umetupunguzia nusu ya kazi. Tatu, sufuria pana yenye kitako kinene, ili uji usishike. Koki, kama huwezi kulala bila koki, iwe ya inchi mbili. Pipa liachiwe robo tupu juu na lifunikwe kwa kitambaa. Haidromita ni kwa wenye subira ya kuchuja kwanza.

Mtambo wa kumenya ndizi hakuna aliyeuulizia, kwa kuwa wanaomenya ni mimi, wifi na binti wa nyumbani. Siku Baba Watoto atakapomenya mikungu mitatu peke yake, naamini atavumbua kitu cha kweli.

Tangi linauzwa. Halina tobo, halijapinda, na koki tumeizibua. Anayelitaka aje na Kirikuu chake. Hita nampa bure, ila ekstensheni anunue mwenyewe.