Ukuta wa Msana

Nyumba ya bibi yetu pale Lamu hupata mwanga kupitia mahali pamoja tu: kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa juu. Upande wa mtaani haina dirisha. Ukishapita daka, yaani ukumbi wa mlangoni wenye mabaraza mawili ya mawe, unakata kona kwenye kipito cha tekani, ndipo jua linapokupokea. Kutoka kiwandani unapanda misana miwili, yaani kumbi mbili zinazofuatana, halafu chumba kiitwacho ndani, sakafu ikiinuka kidogo kila hatua. Vyumba ni virefu na vyembamba, maana boriti za mikoko hazihimili dari ya mawe na chokaa zikizidi mita tatu hivi. Kati ya chumba na chumba, bibi alitundika pazia.

Alipofariki, mama na mama mkubwa waliamua kugawana. Wazee wa Lamu nao walikuwa na namna yao: binti akiolewa, aliongezewa ghorofa, au nyumba ya ng'ambo ya kichochoro ikaunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya vichwa vya wapita njia. Wao waliongeza, sisi tulikata. Fundi alisimamisha ukuta wa matofali ya saruji baina ya misana miwili. Mama mkubwa akabaki na daka na kiwanda. Sisi tukapata ndani na zidaka zake, vishubaka vya plasta ukutani, pamoja na mlango tuliotoboa kwenye ukuta wa nyuma, unene wake karibu nusu mita.

Tangu siku hiyo tukawasha taa mchana. Hewa ilisimama. Nguo sandukuni zikaota ukungu, na plasta ikaanza kupukutika kama unga. Tukaita fundi apake saruji juu ya chokaa, ukuta ukawa laini, mama akafurahi. Hatukuelewa kwamba kuta za mawe ya matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini, na chokaa huutoa nje pole pole. Saruji iliufungia humo humo, pale pale ncha za boriti zilipolala.

Wageni wanaokuja kuutazama mji huu, ulioingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001, waliendelea kupiga picha daka la mama mkubwa. Yeye na mama walikuwa wakisalimiana kwa kutumiana watoto.

Masika ya mwaka wa sita, usiku, nilisikia mlio kama ukuni mkavu ukivunjwa kwa goti. Boriti mbili zilikatika, na mawe ya dari yakaporomoka mbele ya mlango wetu mpya. Taa ilizimika. Tulikuwa watu wanne gizani, vumbi kooni, na hatukuwa na njia nyingine ya kutokea.

"Dada!" mama aliita. Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo tangu matanga.

Upande wa pili nyundo ikaanza kugonga. Kaka zangu, wana wa mama mkubwa, walipiga tofali moja hadi likatoka, kisha la pili. Mkono wa mama mkubwa ulipenya kabla ya tochi, ukimtafuta mdogo wake.

Ukuta ule haukujengwa tena. Tulimtafuta fundi mzee wa chokaa. Akabandua saruji yote, akapanga boriti mpya, akaziacha kuta zikauke kabla ya kuzipaka. Mlango wa nyuma tuliuziba kwa mawe. Tungali nyumba mbili: majiko mawili, bili mbili za umeme. Kati ya misana linaning'inia pazia, na asubuhi jua la kiwandani hupita chini yake hadi kwenye zidaka.

Mama akitaka kwenda kuanika nguo, husimama mbele ya kitambaa hicho, akapiga hodi. Hainui pazia mpaka asikie, "Karibu, mdogo wangu."