Sifa za Shujaa Feki

Kukisifu kitu ambacho tayari kina sifa ni kazi rahisi. Mapokeo yanampa Fumo Liyongo utumbuizo wa kuusifu uta wake, lakini uta wa Liyongo haukuhitaji wakili. Anayehitaji wakili ni yule mwanasesere wa plastiki aliyelazwa chali juu ya turubai karibu na Gate C, hapo Juja, huku wanafunzi wa chuo kikuu cha JKUAT wakimpita kwenda kutafuta smokie. Kichwa ni cha Spider-Man, mwili ni wa Batman. Kifuani ana taa nyekundu inayowaka ukimbonyeza mgongo, na jicho lake la kushoto limepakwa rangi chini kidogo ya mahali ambapo jicho hukaa. Mshono wa kalibu umemshuka ubavuni kama kovu la upasuaji. Kadi aliyofungiwa inawabeba pia Hulk na Superman, ambao kwao ni mali ya Marvel na DC, kampuni mbili zisizokutanisha watu wao ila kwa nadra na kwa mikataba minene. Juja wamekutanishwa na kipande cha gamu.

Hoja yangu ni kwamba kwa mtu anayekusanya wanasesere ili aukumbuke utoto wake, huyu feki ndiye halisi. Aliyekuwa darasa la pili Ruiru au Makongeni mwaka 2012, Thika Superhighway ilipozinduliwa, leo yuko chuoni au ndiyo kwanza ametoka. Kwa wengi wa rika hilo, Spider-Man wa kwanza hakutoka kwenye rafu ya duka lenye kiyoyozi. Alitoka kwa mchuuzi wa stejini, au alifika ndani ya robota la mtumba pamoja na vigari visivyo na magurudumu. (Barabara yenyewe ilijengwa na kampuni za Kichina, kwa hiyo lami na shujaa huenda vilitoka upande mmoja.) Mtu huyo akipata mshahara wa kwanza, akaagiza kutoka Marekani yule Superman wa kampuni ya Kenner wa mwaka 1984 anayerusha ngumi ukimbana miguu, amenunua kitu kizuri, sikatai. Lakini amenunua utoto wa mtoto wa Cincinnati, mji wa Kenner. Wa kwake mwenyewe aliuacha kwenye turubai.

Wapo watakaosema hizo ni hisia tu, na kwamba pesa zinajua pa kwenda. Basi tuzifuate pesa. Wanasesere wa Star Wars wa mwisho wa miaka ya 1970 ni ghali leo kwa sababu watoto waliwachezea, wakawavunja, wakawapoteza. Aliyebaki ndani ya pakiti yake ni wa kutafutwa kwa tochi. Wazazi na wajanja wakajifunza. Filamu mpya ya Star Wars ilipotoka mwaka 1999, watu wazima walinunua wanasesere wa Hasbro kwa maboksi, wakawafungia makabatini wakisubiri utajiri. Kwa kuwa kila mmoja alifanya hivyo hivyo, wengi wa wanasesere hao bado ni wa bei ya chini. Wakati huohuo wale wa Uzay, walionakiliwa kiholela Uturuki katika miaka ya 1980 na kupewa majina ya ajabu kama Head Man, sasa wanagombaniwa na wakusanyaji kwa maelfu ya dola. Kilichowapandisha ni kudharauliwa: hakuna aliyefikiria kuwatunza. Kwa kipimo hicho, Juja imekalia dhahabu.

Na tusidanganywe kwamba kuunganisha vichwa na miili ya watu tofauti ni aibu ya wachuuzi peke yao. Mwaka 1985 kampuni ya Mattel ilimtoa Stinkor, adui wa He-Man. Kichwa chake kilikuwa cha Mer-Man, deraya yake ya Mekaneck, wote wawili wakiwa wamekwisha kuuzwa. Kipya kilikuwa rangi, pamoja na manukato ya pachuli yaliyochanganywa ndani ya plastiki ili anuke kweli. Wenye hakimiliki walikuwa wakibana matumizi, na leo tunaambiwa ni ubunifu. Fundi asiyejulikana jina aliyempachika Spider-Man kwenye mabega ya Batman anastahili walau nusu ya heshima hiyo. Hata sisi tumeizoea kazi ya namna hiyo: DJ Afro huichukua sinema ya ng'ambo, akaisimulia upya kwa Kiswahili na Sheng, na mtazamaji haendi kumshtaki kwa kuwa masimulizi yamechangamka kuliko maneno ya asili.

Kuna pingamizi nzito zaidi. Sheria ya Kenya ya 2008 ya kupambana na bidhaa ghushi haina mzaha, na mwenye hakimiliki ana haki ya kulalamika. Tena plastiki laini ya bei ya kutupa huweza kuwa na thaleti, kemikali ambazo Umoja wa Ulaya uliziwekea mipaka katika vitu vya watoto kwa sheria ya 2005. Ile taa ya kifuani nayo hutumia betri ndogo ya kitufe, ambayo mtoto akiimeza inaweza kumchoma umio na hata kumuua. Huyu ni shujaa hatari kuliko maadui wake wote. Nakubali kila neno, na ndiyo maana nasema mkusanyaji anatenda jambo la hisani: kila feki anayepanda kwenye rafu yake amekosa kinywa cha mtoto mmoja.

Wengine wanasema vitu vinavyomwagwa kwa makontena haviwezi kuwa adimu. Wasubiri wiki mbili. Mkono hung'oka begani, rangi ya uso hubaki kidoleni, na mwili huishia kwenye mtaro. Wa kwanza kwenda huwa mashujaa, maana watoto huwachagua wao. Chini ya rundo hubaki maadui, kina Joker wasio na kiatu na majitu ya kijani ambayo hata muuzaji hayajui jina. Hao ndio wa kuchukuliwa kwanza. Kadi isitupwe, kwa kuwa mwilini mara nyingi hakuna jina la kiwanda wala mwaka. Nyuma yake paandikwe tarehe na steji aliyonunuliwa. Betri itolewe siku hiyohiyo, kwani ikivuja itamla kifua kabla ya panya.